Kihamba cha familia: ni cha aliyebaki au ni cha wote?

Mkungu wa ndizi za mshare ukishaingia kwenye buti la gari lililotoka Dar es Salaam, swali la nani mwenye kihamba huwa limeshajibiwa, tena kwa majibu mawili. Kaka aliyekuja kula Krismasi anaona amebeba ndizi za kwao. Mdogo wake aliyebaki Moshi, aliyezipalilia, akazitilia samadi na kuzifunga miti ya kuegemea zisianguke, anaona amechukuliwa zake. Wote wawili watacheka na watapeana mikono. Ugomvi utakuja baadaye, mara nyingi baba akishazikwa.

Kwa asiyekijua, kihamba ni shamba linalozunguka nyumba katika miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, juu ya tambarare na chini ya msitu. Juu kabisa husimama miti ya mringaringa na grivelia, chini yao migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe yumo zizini, haendi malishoni. Analetewa majani, mabua na magome ya migomba, naye anarudisha samadi inayorudi kwenye shina la mgomba. Kwenye shina hilo huachwa mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine yanang'olewa, na kwa mpango huo shina moja huzaa hata vizazi viwili vya watu. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliingiza kijiji cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya mfumo huu. Sifa hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba anayeusifu mara nyingi huangalia miti na kusahau mikono. Kihamba kisichoguswa misimu miwili huwa kichaka chenye migomba iliyosongamana, na kahawa iliyorefuka hadi hakuna anayeifikia kuichuma.

Sasa, kigawanywe au kibaki kimoja?

Wanaotaka kibaki kimoja wana hesabu upande wao. Zamani baba aliyekuwa na wana wengi aliomba ardhi mpya kwa mangi, mtawala wa jadi wa Wachagga. Kwa desturi, mtoto wa kwanza alitengewa chake na kitindamimba akarithi nyumba ya wazazi, wa katikati wakaenda kujitafutia. Leo mlimani hakuna pa kujitafutia. Chukua kihamba cha ekari moja na nusu, ukigawe kwa watoto watano: kila mmoja anaondoka na kama mita za mraba 1,200. Hicho ni kiwanja. Hakilishi ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi migomba inachoka. Halafu mringaringa ulioota mpakani ni wa nani, ikiwa kivuli chake kinaangukia kahawa ya dada na mizizi yake inanywa upande wa kaka? Mfumo huu unafanya kazi kwa kuwa vitu vyake vimeshikana. Ukipitisha kamba ya mipaka katikati, umeukata hapo hapo.

Kuna pia makaburi. Bibi na babu wamelala pale chini ya masale, mmea unaoheshimiwa Uchaggani, na sijasikia mnunuzi anayelipia makaburi ya watu wengine bei nzuri. Na kuna jambo ambalo vijana wa mjini hulidharau mpaka liwakute: kihamba ni bima. Waliopunguzwa kazi miaka ya 1990, wapo waliorudi wakakuta chumba, ndizi na maziwa. Hakuna aliyewauliza walichangia nini.

Hoja hizo ni nzito. Lakini zinasemwa zaidi na wasioishi pale.

Mtazame aliyebaki. Kahawa aliyoikuta ilipandwa na babu, na mibuni yake inashikwa na chulebuni na kutu ya majani kila mvua zikizidi. Kule Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa TaCRI kimetoa miche inayostahimili magonjwa yote mawili. Anaijua. Angeipata. Ila mche wa kahawa unataka miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya maana, na ndani ya miaka hiyo yeyote katika ndugu zake anaweza kustaafu, akarudi na kusema hapa ndipo nitakapojenga. Basi anapanda kile kitakachotoka upesi: nyanya, maharage, kabichi. Anakata mringaringa auze mbao, kwa sababu mti uliosimama ni wa familia nzima na mbao zilizouzwa ni ada ya mtoto wake. Tunaolalamika kuwa vihamba vinapoteza miti na kahawa tunataja bei ya kahawa, tunataja mvua, tunataja vijana wanaokimbilia mjini. Yote yamo. Mimi naweka mbele zaidi kwamba aliyebaki hana uhakika wa kuvuna alichopanda. Ni mlinzi asiye na mshahara, na mlinzi hapandi mti wa miaka 40.

Hali ni mbaya zaidi kwa mwanamke. Kwa desturi ya Uchaggani kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa ya mama. Kwa hiyo ndani ya ardhi ileile kulikuwa na mifuko miwili, na huo nao ni umiliki wa pamoja, pengine ulio wazi kuliko wa ndugu. Mume akifa, mjane anagundua kwamba alikuwa na mazao bila ardhi. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliruhusu binti aitumie ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze, maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi, ilisema mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 nayo ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Vikao vya ukoo, hata hivyo, bado hukaa chini ya mgomba, si mahakamani. Anaposema mtu "kihamba ni cha wote," muulize kama dada zake wamo katika hao wote.

Kinachonishangaza ni kwamba mlima huohuo una mali nyingine ya pamoja inayoendeshwa kwa akili zaidi: mfongo. Mifereji hii ya kuleta maji kutoka mitoni ilikuwapo kabla Mzungu hajafika, na katika mifongo mingi utaratibu ni mmoja. Siku ya kuzibua mfereji, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetoa anatozwa, zamani hata kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na akikaidi zamu yake ya maji inapita. Kuwa wa ukoo uliochimba mfongo kunakupa heshima na pengine neno la kwanza kikaoni. Maji unayapata kwa jembe. Kwenye kihamba tumefanya kinyume: damu inatoa haki, na jembe linapewa shukrani.

Ndiyo maana sioni haja ya kuchagua kati ya kugawa na kutogawa. Kibaki kimoja, lakini kiendeshwe kama mfongo. Sheria hiyo ya 1999 inairuhusu familia, kama familia, kuomba halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila, kwa hiyo majina yote, ya dada pia, yanaweza kukaa kwenye karatasi moja. Pembeni yake yaandikwe makubaliano: anayelima ndiye mwenye mavuno; akipanda kahawa au miti, anayekuja kumtoa amlipe kwanza; wengine wote wana haki ya kulala, kuzikwa, na kukataa kuuza. Mkungu wa Krismasi uombwe.

Najua kitakachojibiwa. Wazee watasema ndugu wanaoandikiana wameshaachana. Wa mjini watasema wao ndio waliotuma fedha za mabati na za ng'ombe, na hapo wana haki: kilichotumwa nacho kiandikwe. Na zipo familia ambazo kihamba kimekuwa kidogo mno hata kwa mtu mmoja. Hao makubaliano hayatawasaidia, ni heri mmoja awanunue wenzake kwa awamu. Lakini njia inayotumika sasa, ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa Mahakama ya Mwanzo kisha mirathi isifungwe miaka 20, ardhi ikiwa bado kwa jina la marehemu, ndiyo inayowapeleka wajukuu kwenye Baraza la Ardhi wakiwa hawajuani hata kwa sura.

Kikao cha kuandika makubaliano hayo kifanyike mzee akiwa hai. Akishaondoka, hakuna atakayeweza kusema bila kubishiwa mibuni ipi aliipanda yeye na ipi aliipanda aliyebaki.