Meneja wa Baa na Macho ya Wahakiki

Mwaka 2018 chama cha wahakiki wa filamu wa New York kilimpa Regina Hall tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi yake katika Support the Girls, filamu ya bajeti ndogo ya Andrew Bujalski inayomfuata Lisa, meneja wa baa moja ya Texas, kwa siku moja. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata tuzo hiyo, na uamuzi huo siupingi hata kidogo. Ninachopinga ni ile sifa ya kwamba hii ni hadithi tamu ya wanawake wanaofaana, kana kwamba baa yenyewe ni pambo tu.

Mimi nimekaa kaunta miaka miwili katika baa moja ya Area C, hapa Dodoma, na kilichonigusa ni kazi. Mapema tu Lisa ameshafuta machozi garini, amekuta mwizi amekwama darini, na bado kuna televisheni inayokatika siku ya pambano la ngumi, pamoja na bosi asiyetaka wasichana wawili Weusi katika zamu moja.

Rafiki niliyeitazama naye alilalamika kwamba hakuna kinachotokea. Nilimsimulia usiku wa kufunga hesabu: kreti zimehesabiwa mara tatu, chupa sita hazionekani, mhudumu aliyekimbiwa na mteja wa meza ya nje amesimama mbele yako akisubiri kuona kama utaandika jina lake kwenye daftari la shoti, yaani la upungufu unaokatwa kwa mhudumu, na huku bosi anapiga simu kuulizia mauzo. Huliandiki, unalipa kwa fedha yako, na asubuhi unaambiwa hujui kazi. Lisa naye anaandaa uoshaji wa magari ili kumchangia mhudumu aliyepata matatizo, na Bujalski anaonyesha gharama ya huruma hiyo bila hotuba yoyote. (Filamu zetu nyingi huingia baa kumtafuta mume aliyepotea, kisha hutoka haraka.)

Mwishoni wanawake watatu wanapanda juu ya paa na kupiga mayowe kuelekea barabara kuu. Sisi wa baa ya Area C tulikaa juu ya kreti tupu nyuma ya jiko, saa nane usiku, kimya, tukisubiri bodaboda.