Kabla ya koni na intakula kubwa, tazama sponji ya boneti

Koni ya hewa (chujio la hewa la umbo la pia, lisilo na boksi) iliyofungwa wazi chini ya boneti inauza sauti. Nguvu hailetwi na ile "fwiii", na mara nyingi inapungua. Boksi la eaklina (chujio la hewa) la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa ya nje. Uking'oa boksi hilo ukaweka koni kando ya injini, unaivutisha injini hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 hivi kuliko ya nyuzi 30, na oksijeni inapungua kwa kiasi hichohicho.

Kwenye turbo, ile feni inayokandamiza hewa kabla haijaingia kwenye injini, mambo ni mazito zaidi. Chukua Subaru Forester SG5 yenye turbo. Turbo ikiikandamiza hewa ya nyuzi 30 hadi mara mbili ya mkandamizo wake, inatoka na nyuzi 120 hivi. Nairobi, kwenye mita zaidi ya 1,600, hewa ni nyepesi, hivyo turbo hufanya kazi zaidi kuliko Mombasa kufikia mkandamizo uleule, na kazi hiyo inarudi kama joto. Hewa ya moto hufanya injini igonge (mafuta yalipuke kabla ya wakati wake), kompyuta inachelewesha cheche ya plagi ili kuiokoa, nawe unaona gari limekuwa zito saa nane mchana.

Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kwenye Forester inalala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kwenye foleni inachomwa kutoka chini na haipati upepo, hilo tulikubali. Tusilopaswa kukubali ni upepo kupotea gari likiwa mwendoni, na chanzo chake ni ile sponji inayoziba kati ya boneti na intakula. Ikizeeka inavunjika kama keki kavu, hewa inapita pembeni badala ya kupenya mapezi. Paka chaki kwenye sponji, funga boneti, fungua, kagua ukingo wa intakula: pasipo alama ya chaki ndipo penye mwanya. Sponji mpya yenye gundi ni kazi ya nusu saa. Ukiwa hapo, tazama kama bati la kukinga joto la turbo bado lipo. Boliti zake hukatika kwa kutu, na mafundi wengi hulitupa kimyakimya.

Halafu pima uvujaji. Ziba mdomo wa turbo wa kuvutia hewa kwa kizibo chenye valvu, bana mipira ya kupumua ya injini (ukisahau, presha inaingia kwenye krankesi, yaani tumbo la injini, na kusukuma sili), kisha jaza hewa ya kompresa taratibu, isizidi psi 15. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mara nyingi mapovu yanatoka kwenye mpira kati ya turbo na intakula. Hewa inayotoroka hapo imekwisha kuhesabiwa na sensa ya kupima hewa, kwa hiyo petroli inazidi na moshi unakuwa mweusi, huku turbo ikihangaika kufidia.

Oili kidogo ndani ya intakula ni kawaida. Ikiwa inachuruzika, ing'oe intakula, isafishe kwa mafuta ya taa, isuuze kwa petroli, iache ikauke kabisa. Kwa nje usiipige kwa mashine ya kuoshea magari. Mapezi yanalala na hewa haipiti tena.

Ukisoma joto la hewa kwa kifaa cha OBD (kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari), kumbuka kwamba kwenye injini nyingi za aina hii sensa ya joto hilo iko kabla ya turbo. Inakuambia eaklina inavuta nini, haikuambii lolote kuhusu intakula. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, zaidi ya nyuzi 15 juu ya joto la nje inamaanisha boksi au mdomo wake una hitilafu.

Intakula kubwa ya mbele ina nafasi yake, baada ya hayo yote na ikiambatana na kurekebisha programu ya kompyuta. Lakini inakaa mbele ya rejeta, na rejeta iliyoanza kuziba itachemsha gari kwenye mlima wa kwanza.