Tuzo za Bluey: ni kura ya mtoto au ya mzazi?

Bluey, katuni ya familia ya mbwa wanne wanaoishi Brisbane, haina njaa ya tuzo. Ilianza kurushwa na ABC, shirika la utangazaji la umma la Australia, Oktoba 2018, na kabla haijatimiza miaka miwili ilikwishabeba Logie, tuzo ya televisheni ya Australia, nyumbani, na Emmy ya kimataifa ya vipindi vya watoto katika kundi la chekechea. Mwaka 2024 ikaongezewa Peabody, tuzo ambayo mara nyingi huwaendea waandishi wa habari za uchunguzi na tamthilia nzito. Lakini sifa zilivyozidi, ndivyo manung'uniko yalivyokua: kwamba waliokaa mezani kuamua ni watu wazima, na walichokipenda ni kile kilichowagusa wao.

Manung'uniko hayo yana mashiko. Soma tahakiki nyingi za Bluey uone zinasifu nini: baba anayejitoa, mama aliyechoka lakini hakati tamaa, machozi ya mzazi kwenye kochi. Mtoto wa miaka minne hatajwi sana, na akitajwa ni kama sababu ya mkubwa kukaa mbele ya runinga. Kuna wazazi pia wanaolalamika kwamba Bandit, yule baba, amewawekea kipimo kisichofikika. Nani ana muda wa kucheza kiasi kile? Lalamiko hilo nalo, ukiliangalia vizuri, ni la watu wazima kuhusu watu wazima.

Hata hivyo, chukua sehemu ya mwaka 2020 iitwayo "Sleepytime", ambayo wakosoaji wengi huiweka juu ya zote. Bingo, mdogo wake Bluey (mtoto mkubwa wa familia, aliyeipa katuni jina), anataka kulala usiku kucha kitandani mwake. Ndotoni anaelea angani kati ya sayari na sungura wake, huku muziki wa mtunzi Mwingereza Gustav Holst, ule uitwao Jupiter, ukipanda taratibu, na jua linalompa joto ndiye mama yake. Maneno ni machache sana. Wakati huohuo, ndani ya nyumba, watu wanahamahama vitanda na baba anapigwa mateke usingizini. Mtoto anacheka mateke. Mzazi analia kwenye jua. Zote hizo ndani ya dakika 7 hivi, na hakuna aliyeibiwa sehemu yake. Ndiyo maana siafiki kwamba majaji walitunuku kitu cha wakubwa kilichovikwa nguo za watoto. Walikosea pengine katika kueleza sababu, si katika kuchagua.

Na watoto wenyewe wamekwishapiga kura kwa njia yao, ya kurudia. Kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, mwaka 2024 Bluey ndiyo iliyotazamwa zaidi mtandaoni Marekani, takribani dakika bilioni 55.6. Mtu mzima hatazami sehemu ileile mara ishirini. Ila tusiifanye namba hiyo kuwa hakimu, kwa sababu mtoto hurudia hata kilicho kibovu. Tuzo za Kids' Choice za Nickelodeon, chaneli ya watoto ya Marekani, ambazo watoto ndio wapiga kura, zimeipa SpongeBob SquarePants ushindi wa katuni mwaka baada ya mwaka. Ukimwachia mtoto peke yake, humchagua rafiki anayemjua. Sawa kabisa, lakini katuni mpya isiyo na mtaji wa kujitangaza haiokolewi na kura hiyo. Jopo la wakubwa, pamoja na upofu wake, linaweza kuiokoa.

Kuna jambo moja ambalo tuzo hazilifanyi kabisa, nalo ni kurekebisha. Mwaka 2023 sehemu iitwayo "Exercise" ilianza na wazazi wakipima uzito bafuni na kusikitikia miili yao. Wataalamu na wazazi wakapinga, wakisema mtoto hujifunza kuuchukia mwili wake kwa kuwatazama wakubwa wakiuchukia wao. Kuna waliowaona wapingaji kama watu wenye kutafuta kero. Tukio lile likakatwa, na kipindi kikarushwa bila hilo. Kwangu mimi, ukosoaji ule ulikuwa heshima kubwa kuliko Emmy: waliolalamika walikuwa wameangalia skrini kutoka kimo cha mtoto.

Sasa kipimo kinabadilika. Joe Brumm, muundaji wa Bluey ambaye ndiye aliyeandika karibu sehemu zote, ameacha uandishi wa mfululizo ili kuandika na kuongoza filamu yake, iliyopangiwa kumbi za sinema mwaka 2027. Filamu huingia kwenye vinyang'anyiro vingine, vyenye majaji wengine, na haidumu dakika 7. Tayari sehemu iitwayo "The Sign" ya 2024, yenye dakika 28 na habari ya kuuza nyumba na kuhama, ilielemea upande wa wazazi kuliko nilivyopenda, na ilisifiwa mno.