Steroidi si sindano ya waoga

Mtu aliyeishi miaka mitano na Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani, hamuulizi daktari sindano ipi ni salama. Anauliza ipi itamaliza kabisa. Nani wa kumlaumu? Shambulio likija, chumba kinazunguka kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, anatapika huku ameng'ang'ania godoro, na sikio moja linaziba na kuvuma kama jenereta la jirani. Chumvi amepunguza, vidonge vya kizunguzungu vya betahistini amemeza, gari ameacha kuendesha. Sasa anaambiwa zipo sindano mbili za kupitishwa kwenye kiwambo cha sikio. Jentamaisini, anaelezwa, inaua sehemu inayoleta kizunguzungu. Steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, "inatuliza". Kwa maneno hayo tu, steroidi imeshashindwa kabla haijapimwa.

Jentamaisini si ya kubezwa. Ni antibayotiki ile ile ya chupa ndogo ya miligramu 80 inayochomwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na sumu yake kwa sikio inajulikana siku nyingi. Wazo la kuitumia sumu ya namna hiyo kwa makusudi lilianza miaka ya 1950, pale daktari wa masikio wa Marekani, Harold Schuknecht, alipowapa wagonjwa wake streptomaisini sikioni. Kizunguzungu kiliwaacha, lakini usikivu nao ukaondoka. Jentamaisini ina afadhali: hushambulia zaidi seli za mizani, zile zinazomzuia mtu asiyumbe, kuliko za kusikia, na siku hizi hutolewa dozi chache zenye nafasi kati yake. Ina ushahidi pia. Majaribio mawili madogo ya Uholanzi, la watu 22 mwaka 2004 na la watu 28 mwaka 2008, yaliipambanisha na dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani yake, ikashinda. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2020 unasema mgonjwa aliyeshindikana kwa tiba zisizoharibu sikio anapaswa kupewa nafasi ya jentamaisini. Kuhusu steroidi, unasema tu kwamba daktari anaweza kuitoa.

Wengi husoma hapo wakafunga faili.

Mimi hurudi kwenye jaribio la Uingereza lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Wagonjwa 60 wenye ugonjwa katika sikio moja, waliokwisha kushindikana kwa dawa nyingine, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa jentamaisini, nusu steroidi iitwayo methiliprednisoloni, sindano mbili zilizopishana wiki mbili, na mgonjwa wala daktari hakujua ni ipi. Walifuatiliwa miaka miwili. Waliopata jentamaisini walikuwa na wastani wa mashambulio 19.9 katika miezi sita kabla ya tiba. Katika miezi sita ya mwisho yalibaki 2.5. Waliopata steroidi walitoka 16.4 wakafika 1.6. Punguzo la asilimia 87 kwa ile inayoua, asilimia 90 kwa ile inayotuliza. Kitakwimu hakuna tofauti.

Wapinzani wana jibu, na ni jibu zito: jaribio lile halikuwa na kundi la dawa bandia. Ménière ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Watu huja kliniki wakiwa wamezidiwa, na wengi wangepata nafuu hata wakichomwa maji ya chumvi. Tena steroidi imewahi kuanguka mbele ya dawa bandia: jeli ya deksamethasoni ya kampuni moja ya Marekani ilifeli jaribio moja mwaka 2017, ikafaulu jingine Ulaya mwaka huo huo, kisha ikafeli tena 2021. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, nayo yaliukuta ushahidi wa sindano zote mbili kuwa hafifu.

Nayakubali yote hayo, lakini hoja hiyo inamkata na aliyeishika. Ikiwa sehemu kubwa ya lile punguzo ni ugonjwa wenyewe kupoa, basi aliyechomwa jentamaisini amelipa kiungo kwa nafuu ambayo huenda ingekuja bila malipo. Aliyechomwa steroidi amepoteza nini? Siku mbili za kliniki, nusu saa ya kulala ubavu kila mara, sikio juu, akikatazwa kumeza mate yasije yakaifungulia dawa mfereji wa kooni, anatema kwenye kitambaa na kuhesabu mbao za dari. Pengine tundu dogo la kiwambo linalochelewa kuziba. Ni kweli atarudi kuongezwa sindano mara nyingi zaidi kuliko mwenzake, na kwa anayesafiri siku nzima kumfikia mtaalamu hilo si jambo dogo.

Halafu kuna sikio la pili, ambalo halitajwi vya kutosha. Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huhamia huko baada ya miaka, na hakuna kipimo cha leo kinachoweza kumwambia mgonjwa kwa uhakika kama yeye atakuwa miongoni mwao. Aliyeua mizani ya upande mmoja, upande wa pili ukidhoofika, hazungukwi na chumba tena, anayumba. Akitembea, maandishi ya ukutani yanarukaruka hasomi kitu. Akinawa uso amefumba macho, anatafuta pa kushika. Usiku bila tochi hawezi kufika msalani. Mashambulio yalikuwa na mwisho. Hali hii haina.

Steroidi ikishindwa, jentamaisini bado ipo kabatini. Ukianza na jentamaisini, hakuna sindano itakayofufua seli zilizokufa.

Kuna mtu mmoja ambaye nisingemchelewesha: yule anayeangushwa ghafla bila onyo, kama amesukumwa, akaamka na kidonda usoni. Huyo anaweza kufia jikoni au barabarani akisubiri awamu ya tatu ya steroidi. Kama sikio lenye ugonjwa limeshapoteza usikivu, na la pili limepimwa mizani na kusikia likakutwa zima, jentamaisini ni yake, na apewe wiki hiyo hiyo.