Kwanini watu wanalipia POS alafu wanarudi kwenye daftari

Kuna kauli naisikia sana toka kwa wahasibu na vijana wanaouza mifumo, kwamba mfanyabiashara wetu hapendi teknolojia, unamfungia POS, yani mfumo wa kompyuta wa kuuzia dukani, nzuri kabisa, skana ipo, printa ipo, droo ya hela inafunguka yenyewe, miezi mitatu baadae unapita unakuta kompyuta imefunikwa kitenge na yeye yuko na kauntabuku lake anaandika. Wanasema ni uoga wa TRA, watu wa kodi, au mazoea, au ana mambo anaficha. Mimi hizi kazi za kufunga mifumo nafanya pia, Dar zaidi, na sikatai, waoga wapo na wafichaji wapo. Ila maduka niliyoitwa kuangalia kwanini mfumo umekufa, mengi tatizo lilianzia siku ya kwanza, siku ya setingi, kabla mwenye duka hajagusa hata kitufe.

Ubishi wenyewe uko hivi. Wapo wanaosema duka lifuate mfumo, yani bidhaa zipangwe, bei iwe moja, stoku ikiwa sifuri mauzo yasipite, keshia asiguse bei. Wapo wanaosema mfumo ndo ufuate duka, kama duka linauza kwa kupima na kwa kukopesha basi mfumo ujue kupima na kukopesha. Mimi niko upande gani mtaona wenyewe hata nikijitahidi kukaa katikati.

Chukua sukari. Kuna mama mmoja Mbagala ana duka la jumla na rejareja, mlangoni mifuko, ndani kaunta na mzani wa saa. Mfumo aliofungiwa ulikuwa na bidhaa inaitwa SUKARI 1KG, bei 3,000, basi. Mteja wa kilo hana shida. Mteja wa robo, keshia anaandika 0.25, mfumo unapiga 750. Sasa niambie duka gani la mtaani linauza hiyo robo 750, robo ni 800, kwanza sarafu ya hamsini ya kurudisha chenji huipati, pili kupima mara nne na kufungasha mara nne ni kazi, sio sawa na kupima kilo mara moja. Kwahiyo mteja anatoa 800, mfumo unajua 750, hamsini inaingia kwenye droo haina jina.

Hamsini ni nini bwana? Haya tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 unatoa robo 200. Hamsini mara 200 ni 10,000. Tuseme mfuko kaununua 140,000, akiuumaliza wote kwa kilo anapata 150,000, faida elfu kumi. Akiuumaliza wote kwa robo anapata 160,000, faida elfu ishirini. Maana yake kwenye mfuko wa robo, nusu ya faida yote imekaa kwenye zile hamsini, na mfumo wa laki kadhaa hauzioni.

Na hapa ndo huwa nakwama mpaka wenzangu wananicheka. Jioni keshia anafunga hesabu, mfumo unasema droo iwe na 412,000, kuhesabu imo 421,000. Siku ya kwanza kijana mwaminifu anasema mama kuna elfu tisa imezidi, mhasibu anasema andika ziada. Wiki ya pili kijana ashajua kwamba kila siku inazidi, na kwamba akiitoa ile iliyozidi kila kitu kinakaa sawa, ripoti inabalansi, hakuna wa kuuliza. Yani mfumo ulioletwa kuzuia wizi ndo unamwambia mtu aibe kiasi gani asionekane, na hesabu unampigia wenyewe. Kwenye daftari mama alikuwa hapigwi hivi, daftari lake lilikuwa limeandikwa robo 800, robo 800, nusu 1,500, mpaka chini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, hii ya daftari la umeme linalotoa ripoti safi huku mali inaisha hawakuwahi kukutana nayo.

Sasa huyu mama aliporudi kwenye kauntabuku yule aliyemfungia mfumo alisema nini? Hajasoma. Mimi nasema alisoma vizuri kuliko aliyemfungia.

Na dawa yake wala sio kubwa. Bidhaa ni moja, sukari, stoku inakaa kwenye kilo, alafu juu yake unaweka vipimo vinne vya kuuzia, mfuko, kilo, nusu, robo, kila kimoja na bei yake ya kusimama peke yake na kila kimoja kinapunguza kilo zilezile. ERPNext kwa mfano, mfumo wa kuendeshea biashara, inakubali bei tofauti kwa kila kipimo cha bidhaa hiyohiyo, tena ni programu huria, hulipii leseni. Shida ni kwamba kukaa chini na mwenye duka ukauliza bidhaa moja moja, hii unauzaje, sabuni ya mche unakata vipande vingapi, mafuta ya dumu la lita 20 unapimia kikombe gani, inakula siku nzima au mbili, na mafundi wengi tunakuja na faili la Excel la bidhaa elfu moja tulilotoa kwa mteja mwingine, tunapakia, tunafundisha masaa mawili, tunachukua hela tunaondoka.

Kingine kinachoua mifumo ni ile kufunga mauzo stoku ikisoma sifuri. Kwenye vitabu ni jambo zuri sana. Dukani inakuwa hivi, mzigo umetoka Kariakoo na kirikuu saa tano asubuhi, uko mlangoni unashushwa, risiti ya mzigo iko mfukoni kwa mwenye duka na mwenye duka bado yuko Kariakoo, mteja kasimama anaona maboksi kwa macho yake na keshia anamwambia mfumo unasema hamna. Mteja anaondoka? Haondoki, keshia ana akili. Anatafuta bidhaa moja yenye bei ya wazi, kuna duka nilikuta inaitwa MENGINEYO, anapitishia humo. Kesho tena, keshokutwa tena, mpaka inakuwa ndo njia, maana ni rahisi kuliko kutafuta jina la kitu. Nilivyofungua ripoti ya miezi mitatu ya lile duka, bidhaa inayoongoza kwa mauzo ilikuwa MENGINEYO. Mwenye duka akaniuliza kwa upole kabisa, sasa niagize mengineyo mangapi?

Ukiuacha mfumo ukubali kwenda hasi na kila jioni ukatoa orodha ya vilivyokwenda hasi, ndani ya siku mbili unajua risiti gani za mzigo hazijaingizwa. Hasi inakuonyesha kazi iliyobaki. Ukiizuia isionekane, kazi haijafanyika na huijui.

Kwenye bei nako kuna ujinga mdogo ambao sio mdogo. Duka la nguo au la vyombo la Kariakoo bei ni ya kuongea, hiyo ndo biashara yenyewe, kuna bei ya kuanzia na kuna bei ya mwisho, winga analeta mteja na yeye ana chake. Mfumo ukija na setingi zake za kawaida unaandika kwenye risiti bei 45,000, punguzo 10,000, jumla 35,000. Mteja anatoka na hiyo karatasi anamwonyesha shoga yake, shoga anakuja kesho anaanzia mazungumzo 35,000 kushuka. Ukiweka bei ya chini kabisa ambayo keshia hawezi kuivuka bila namba ya siri ya bosi, na risiti ikaandika tu bei waliyokubaliana, umemaliza. Ni kutiki sehemu mbili kwenye setingi, ila mpaka ujue kwamba kunaongewa bei, na kuna watu wanafunga mifumo hawajawahi kusimama kaunta hata nusu saa.

Haya, upande wa pili nao wana hoja na zingine zinauma. Ya kwanza ni kwamba ukishaanza kurekebisha huwezi kuacha, leo kipimo, kesho risiti, keshokutwa fundi ameingia ndani ya code, yale maandishi yanayoendesha programu, akabadilisha mambo, alafu fundi anahama mji au anapata kazi benki na simu haipokelewi. Nimeshaona duka lilipandisha toleo la programu na marekebisho yote yakafutika asubuhi ya Jumamosi, siku ya mauzo makubwa, bei za jumla hazipo, watu wamepanga foleni. Hiyo kweli. Na ndo maana nasema rekebisha kwa setingi kwanza, code usiiguse mpaka ushindwe kabisa, na bekapu iwe kwenye flashi ya mwenye duka, isikae kwenye laptopu ya fundi peke yake. Ila wanaposema mfumo wa kampuni kubwa usioguswa ndo salama, nawakumbusha QuickBooks Point of Sale, ile ya kufunga kwenye kompyuta, Intuit, wenye programu wenyewe, waliizima tarehe 3 Oktoba 2023 na waliokuwa wanaitumia wakatafuta pa kwenda. Mkubwa nae anahama mji.

Hoja yao ya pili ni matawi. Mtu mwenye maduka matano hawezi kuacha kila keshia awe na utaratibu wake, hapo mfumo mkali una haki yake, majina ya bidhaa yafanane, bakodi zitumike. Nakubali kwa moyo mmoja. Supamaketi ni dunia nyingine, kila kitu kimekuja na bakodi yake toka kiwandani, za Tanzania zinaanzia 620, na vya kupima kama nyama mzani unatoa lebo yenye namba inayoanzia 2 ambayo uzito au bei iko humohumo ndani ya namba. Kule ukali unafaa kwa sababu bidhaa zenyewe zimeshapangwa kabla hazijafika. Kipande cha mche wa sabuni hakina bakodi.

Ya kodi niseme kwa ufupi maana wenye maduka mnaijua kuliko mimi. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za TRA, zipo toka 2010, na mpaka leo kuna maduka keshia anapiga kitu kwenye POS alafu anapiga tena kwenye EFD, mara mbili, foleni ikiwepo anachagua moja. Kama mfumo haujaunganishwa utoe risiti ya TRA moja kwa moja usishangae wakiuacha, wanaubakiza ule wenye faini. Na huo uoga wa kuandika stoku haukutoka hewani, Mei 2023 Kariakoo ilifungwa maduka na usajili wa stoo ulikuwa moja ya malalamiko. Mtu aliyepitia ile wiki ukimwambia weka stoku yako yote kwenye mtandao lazima akuangalie mara mbili. Mueleze data inakaa wapi na nani anaiona, ndo kazi yako.

Hapohapo kwenye mtandao, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima, maduka yenye mfumo unaotegemea intaneti kwa kila mauzo yalibaki yanatazamana na skrini. Yenye mfumo unaoandika kwanza kwenye mashine yenyewe na kutuma baadae hayakujua kama kuna kitu. Hilo la kuuliza kabla hujalipa, kuliko rangi ya vitufe.

Turudi kwa mama wa Mbagala. Nilimwekea vipimo vyake vinne, siku mbili zikaenda, alafu yeye ndo akaniomba kitu ambacho nisingekifikiria. Akasema mfuko ukiisha kijana huwa ananiita kabla hajafungua mwingine, je mfumo hauwezi kufanya hivyo? Nikaweka kitufe, FUNGUA MFUKO. Ukikibonyeza kinakupa mfuko uliopita umeuzwa kilo ngapi kwa hesabu ya mauzo. Wa kwanza ukasoma 48.5, wa pili 48.75. Mimi nikaanza kumwangalia kijana kwa jicho la pembeni. Mama akasema hapana, mwache, huo mshale wa mzani ukitua sawasawa mteja ananuna, lazima uzidi kidogo. Gramu tano tu kila robo, mara 200, ni kilo nzima, kwahiyo alikuwa sahihi karibu yote.

Tukaweka mpaka wa kilo 48, mfuko ukisoma chini ya hapo mfumo unamtumia meseji. Wale wa upande wa pili watasema nimemhalalishia kijana kilo mbili kila mfuko, na hapo sina jibu zuri sana. Mama ana lake, mwezi uliopita alipandisha mpaka hadi 48.5 bila kumwambia mtu.