Kofia ya Darajani, bei ya Shangani

Ukimuuliza Mzanzibari nguo nzuri zinanunuliwa wapi mjini, atakujibu kabla hujamaliza swali: Darajani na Mchangani. Mtajie maduka ya Mji Mkongwe, ya Shangani, ya Gizenga au ya Kenyatta Road, atacheka. "Yale ya watalii." Hukumu imeshapita, na rufaa haina.

Nami nimeitoa hukumu hiyo miaka mingi, na nusu yake naishikilia mpaka leo. Darajani haihitaji wakili. Soko liko pale tangu 1904, na mitaa inayolizunguka imejipanga vyema kuliko duka kubwa lolote: huku vitambaa, kule viatu, mbele mabuibui kutoka Dubai, pembeni mitumba iliyomwagwa juu ya turubai. Ukiingia Mchangani na mshahara wa mwalimu unatoka umevaa. Doti ya kanga utaifunua, uisome jina, uirudishe, ufunue nyingine kumi, na mwenye duka hatakununia. Utauliza bei, utashangaa kwa sauti, utajifanya unaondoka, utaitwa. Mgeni kutoka bara au mjomba aliyekuja Idi kutoka Maskati akilikosa hilo, basi hajafika mjini. Michenzani Mall ina viyoyozi na ngazi za umeme, lakini hakuna anayekwenda kule kubishana bei, na mtu wa hapa asipobishana anahisi kaibiwa.

Ila kubishana huko huko ndiko kulikonifanya nianze kuyatazama upya maduka ya Shangani.

Chukua kofia. Si hizi za mashine zinazoshushwa kwa maboksi na kuuzwa nje ya misikiti, bali kofia ya viua, ya mkono. Kitambaa cheupe kinachorwa nakshi, kinatobolewa kwa sindano, na ukingo wa kila kitobo unashonwa kwa uzi mpaka ukaze. Kofia moja ina viua mamia. Duara la juu linafanywa peke yake, ukanda wa pembeni peke yake, kisha vinaunganishwa. Nyingi hushonwa majumbani, na wanawake kwa wanaume, baina ya kupika na kulaza watoto, au barazani baada ya alasiri. Nzuri huchukua wiki kadhaa, na zile zenye viua vidogo vilivyobanana huvuka mwezi. Waomani wanaoijua kumma, kofia yao ya nakshi, wataelewa bila maelezo, maana nakshi hizi zimekuwa zikivuka bahari kwenda na kurudi.

Sasa ipeleke kofia hiyo Darajani. Inakaa rafu moja na ya mashine. Mnunuzi anazishika zote mbili, anaiona ya mkono ni ghali, na anafanya alichofundishwa na mama yake: anakata bei. Muuzaji anapunguza kidogo. Mnunuzi anaondoka kifua mbele, na muuzaji naye amepata chake. Nani kapoteza?

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme mama mmoja kaishona kofia kwa siku 30, saa tatu kila siku. Hizo ni saa 90. Tuseme mwenye duka kamlipa shilingi 45,000. Kila saa ya macho yake na vidole vyake ni shilingi 500, ambazo hata bakuli la urojo hazinunui. Mwenye duka anaiweka kwa 70,000. Wewe na mimi, mabingwa wa kupatana, tunaishusha mpaka 55,000 na tunakwenda kusimulia nyumbani. Mama anapoleta kofia ya pili, mwenye duka anamwambia soko limelala, atampa 36,000. Saa imeshuka kutoka 500 hadi 400. Yule mama hakuwepo tulipokuwa tunacheka na muuzaji, na hakuna aliyemuuliza. Lakini mabishano yetu yote yamemwangukia yeye.

Bei za mfano zinaweza kubadilika. Utaratibu ndio unaonikera, na nimeugeuza kichwani mara nyingi bila kupata njia ya kuukwepa. Kupatana bei ni haki pale ambapo wote wawili wanajua kitu kimegharimu nini. Kwenye suruali ya Guangzhou, mwenye duka anajua kanunua ngapi na mimi najua jirani yake anauza ngapi, kwa hiyo tunakutana katikati. Kwenye kofia ya mkono mimi sijui saa zilizoingia, na muuzaji hana sababu ya kuzitetea. Anayezijua yuko nyumbani kwake, Ng'ambo au Pemba, na mlango wa duka hajauona. Ndiyo maana vijana wengi hawaioni kofia kuwa kazi. Binti anamtazama bibi yake akiharibu macho kwa mwezi mzima, anafanya hesabu kama yangu, halafu anachukua simu na kuanza kuuza abaya za kuagiza. Mimi simlaumu.

Duka la Shangani lenye bei iliyoandikwa kwenye karatasi na isiyoshuka lina kiburi, ndiyo. Lakini bei isiyoshuka ina kazi ambayo tabasamu la Darajani haliifanyi: inamzuia mnunuzi asimkate mtu asiyekuwepo. Na kuna jengine. Wabunifu waliofungua maduka Mji Mkongwe, Doreen Mashika akiwa mmoja wa wanaofahamika, wamefanya jambo tulilodhani haliwezekani: wamemfanya mtu aitazame kanga, kitenge na ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, kama mtindo, kitu cha kuvaliwa London au Nairobi, badala ya zawadi ya kumpelekea shangazi. Mkoba wa ukili ambao sokoni ni wa kubebea samaki, ukiutia bitana, zipu na mkanda wa ngozi, unakuwa kitu kingine. Wanaosema "ni ukili ule ule" wanasahau kwamba bitana, zipu na mkanda havijishoni.

Wengine husema nguo za maduka yale si za asili, maana kitambaa kimetoka nje. Hoja hii huwa inanichekesha. Merikani, kile kitambaa cha pamba cha zamani, iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, na karne ya 19 ilikuwa kama fedha katika pwani hii. Kanga zetu zimechapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India kwa miongo mingi, na hata baada ya viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam kuanza mwaka 1968, za India hazikuacha kuja. Mambo tuliyoyaweka sisi ni jina, namna ya kuifunga, na mkono wa fundi. Ukitafuta uzanzibari kwenye pamba hutaupata si Mchangani wala Shangani. Utafute kwenye mshono.

Hata hivyo, nisiwapake mafuta watu wa Shangani. Duka moja la Gizenga, ambalo sitalitaja, liliniuzia shati lenye kibandiko cha "imeshonwa kwa mkono Zanzibar". Nilipofika nyumbani nikaligeuza, na ndani ya mshono wa ubavuni nikakuta kibandiko kingine, cha kiwanda cha nchi ya mbali, kimekatwa nusu. Kwa hiyo bei isiyoshuka nayo si ushahidi wa lolote. Inaweza kumlinda mshonaji, na inaweza kuishia kwenye kodi ya nyumba ya Mji Mkongwe na kamisheni ya papasi aliyemleta mgeni. Papasi ni sehemu ya bei ambayo haiandikwi popote: ukiingia dukani unafuatana na kijana aliyekuokota Forodhani, ujue mmeshakuwa watatu kwenye biashara hiyo.

Jambo la pili dhidi yao ni zito zaidi, na sina jibu kamili. Kwa miaka mingi maduka haya yaliandika bei kwa dola. Mwaka 2025 serikali ya Muungano ilipiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini kubadili alama kwenye karatasi hakumbadilishi aliyekusudiwa. Binti wa dada yangu, aliyezaliwa Malindi ya hapa Mji Mkongwe, hatua chache kutoka huko, aliniambia hajawahi kuingia hata duka moja kati ya hayo. Anaogopa kuulizwa anatafuta nini. Mtindo unaotokana na kanga ya bibi yake, unaouzwa mtaani kwake, na yeye anaupitia dirishani. Nikimwambia kuhusu saa 90 za mama wa kofia ananisikiliza kwa adabu, kisha ananiuliza: "Mjomba, na mimi nivae nini Idi?" Hapo hesabu yangu inanyamaza.

Kuna njia aliyoijua kila mtu hapa kabla ya wabunifu na kabla ya Dubai: unanunua kitambaa Mchangani, unampelekea fundi. Hapo ndipo kupatana kunaporudi kuwa haki, maana mshonaji yuko mbele yako na anaweza kukataa. Ukimwambia elfu kumi anakutazama, anaitazama cherehani, anakurudishia kitambaa chako. Mtindo ni wako, kipimo ni chako, na fedha inafika mkononi mwa aliyeshona bila kupita kwa mwengine. Binti wa dada yangu hivi ndivyo anavyovaa, na anapendeza kuliko wengi waliotoka Shangani na mifuko ya karatasi. Kasoro yake kila mtu anaijua. Fundi wa Zanzibar kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani husema "kesho" kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe anaiamini. Na fundi hakushonei kofia ya viua, wala hasuki ukili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namuuliza anataka nini. Buibui, viatu, suruali, mitumba, kanga za kugawa harusini: Darajani na Mchangani, na abishane mpaka atosheke. Gauni la kumkaa vizuri: kitambaa na fundi, mwezi mmoja kabla. Kofia ya mkono, mkoba wa ukili, chochote kilichokula macho ya mtu: popote pale ambapo muuzaji anaweza kumwambia nani kakifanya, hata kama bei ni ya Shangani, na mkoba wa fedha aufungue bila kushindana.

Wiki iliyopita nilijaribu dawa yangu mwenyewe, tena Darajani. Nikaokota kofia ya viua, nikamuuliza mzee wa duka nani kaishona. Akaniambia ni mama mmoja wa Wete, Pemba, humletea mbili kila baada ya miezi miwili. Nikauliza bei, akataja. Nikatoa fedha zote alizotaja, nikamkabidhi. Akazihesabu, akanitazama, akazihesabu tena. Halafu, kwa aibu ya mtu aliyelipwa bila kubishwa, akachomoa noti ya elfu mbili akanirudishia.