Wito Hauandiki Barua ya Rufaa

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya turubai hapa Kigoma, kwenye mahafali ya chuo ambacho sitakitaja, nikimsikiliza mgeni rasmi akiwaeleza wahitimu wa uuguzi kwa dakika 40 kwamba kazi yao ni wito. Alilirudia neno hilo mpaka mama aliyekaa kando yangu akaacha kujipepea na kuanza kulihesabu kwa vidole. Akawasimulia habari za Florence Nightingale, mwuguzi Mwingereza wa karne ya 19, na taa yake, akawataka wawe na huruma, uvumilivu na tabasamu, kisha akaketi, akapigiwa makofi na kuletewa maji. Kuhusu namna ya kumaliza zamu ya kwanza bila kumdhuru mtu, hakugusia lolote.

Sikatai kwamba asiyependa watu akatafute kazi ya kuuza mbao. Hata hivyo, neno wito limekuwa shuka la kufunikia kila kitu: posho isipolipwa ni wito, glovu zikiisha ni wito, ukilala zahanati siku tatu mfululizo kwa sababu mwenzako hajarudi likizo, huo nao ni wito. Tena linamdhuru kijana anayeanza kwa namna nyingine, kwa kuwa humfanya aamini kwamba moyo mwema unatosha. Mimi nilikuwa na moyo mwema tele siku niliyoandika barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika zahanati ya kando ya ziwa, kusini huko ambako wakati wa masika boti ndiyo barabara. Aliletwa mama mwenye mimba ya kwanza, presha ikiwa juu sana, na kabla sijamaliza kumfunga kamba ya kipimo mara ya pili akaanza kutupa mikono kwa degedege. Nilitambua ni kifafa cha mimba na nikafanya kama nilivyofundishwa: magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako. Petroli ikachangishwa, boti ikapatikana, nami nikaandika barua ya rufaa kwa mkono unaotetemeka: "Mama ana kifafa cha mimba, amepewa dawa, tunaomba msaada zaidi."

Dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi? Sikuandika.

Mama alifika hospitali saa tatu usiku, na mkunga aliyempokea akabaki na kitendawili mkononi. Kama dozi ya kwanza ilikwisha kutolewa, kuirudia kungeweza kumzimisha mama pumzi. Kama haikutolewa, degedege lingerudi wakati wowote. Simu yangu haikupatikana, kwa kuwa kule kwetu mtandao ulikuwa wa kupandia mlimani. Aliyefumbua kitendawili ni dada wa mgonjwa, aliyekuwa amejikunyata mlangoni na khanga iliyolowa maji ya ziwa, akasema kwamba mdogo wake alichomwa mkononi kwanza, halafu tako hili na hili, na kwamba muadhini alikuwa anaadhini alasiri. Mkunga akajua kwamba dozi kamili iliingia saa kumi na kitu, na kwamba dozi inayofuata, ambayo hutolewa baada ya saa 4, ilikuwa imekwisha kupitiliza. Akagonga goti kuona kama mguu unaruka, akahesabu pumzi, akapima mkojo, na alipoona dawa haijamzidi mama, ndipo akachoma sindano.

Mama alipona. Mkasa huo nilisimuliwa na mkunga yuleyule miaka kadhaa baadaye, tulipopangwa wodi moja, naye hakujua kwamba mwandishi wa barua ile ni mimi. Ilinichukua wiki mbili kumwambia.

Kwa hiyo, ninyi mliovaa joho Jumamosi, andikeni. Andika jina la dawa, kipimo, njia uliyoitolea, saa, jina lako na sahihi, na uandike papo hapo, si mwisho wa zamu wakati kumbukumbu zimeshachanganyika na usingizi. Kuhusu saa, tumieni mtindo wa saa 24, kwa sababu "saa 2" kwenye faili letu inaweza kuwa saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, au saa nane mchana ya mtu aliyezoea saa za kizungu. Andika 20:00 na hakuna atakayekuuliza. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, nayo ijazwe mama akiwa bado katika uchungu. Nimeona nyingi zilizojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, na huwa nazitambua mara moja: mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba tumboni mlikuwa na saa ya ukutani. Na ile sentensi yetu pendwa, "mgonjwa anaendelea vizuri", nimewahi kuikuta kwenye faili la mtu aliyefariki saa moja baadaye.

Najua jibu lenu: usiku mwuguzi ni mmoja na wodi imejaa, wengine wamelala chini. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hakuna anayeweza kuandika kila kitu katika hali hiyo. Lakini mstari mmoja ni mfupi kuliko maelezo utakayotakiwa kuyatoa mbele ya kamati, au mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ukiwa na faili tupu na ndugu wa marehemu wamekaa nyuma yako.

Na huyo Nightingale, kwa kuwa mgeni rasmi alimtaja, alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854 hakuishia kutembea na taa. Alihesabu vifo na sababu zake, kisha akachora michoro iliyoonyesha kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha ya vita. Kila mahafali tunamwashia mishumaa. Majedwali yake sijasikia akitajiwa hata mara moja.

Mengine ni mafupi. Leseni isiishe muda ukiwa kazini. Ukijitolea, dai barua inayosema hivyo. Ukipangiwa Uvinza au Kaliua, nenda, maana mwaka mmoja wa huko utaifunza mikono yako mambo ambayo mwenzako wa mjini atakuwa bado anayatazama kwa mbali.

Binti wa kaka yangu alikuwa miongoni mwa wahitimu. Wengine walimvisha mashada na vitenge. Mimi nilimpa kaunta buku na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Akashukuru kwa adabu, kisha akaigeuzageuza ile saa.

"Shangazi, kwani simu haina saa?"

Nikamwuliza simu hiyo ataishika kwa mkono upi akiwa amevaa glovu.